Timu ya C Nayo Ina Matokeo

Jarida la mwisho wa muhula shuleni kwetu hupangwa kwa mtindo uleule kila mwaka. Huanza na salamu za mwalimu mkuu. Zikifuatwa na majina ya wavulana waliopata ufadhili wa heshima katika shule kubwa wanakoelekea. Halafu raga, timu ya kwanza. Halafu muziki: nani kafaulu mtihani gani, na kwa daraja gani. Sanaa, sataranji, mchezo wa kuigiza, fedha zilizochangwa kwa wahitaji. Nyuma kabisa, kwa maandishi madogo, walimu wanaoondoka. Kazi ya kukusanya habari hizo ni yangu kwa miaka kadhaa sasa, na safari hii niliifanya nikiwa na jambo rohoni. Nataka kulieleza kwa kirefu, kwa sababu naamini linamgusa kila anayelea au kufundisha mtoto wa kiume, hata kama hatakanyaga shule ya aina hii maishani.

Kwa asiyezifahamu shule hizi: Uingereza kuna shule za kulipia ambazo kila mtu huziita prep. Huchukua watoto wa miaka 8 hivi hadi 13 na kuwaandaa kuingia shule kubwa za sekondari za kulipia, zikiwemo Eton, Winchester na Harrow. Wanaosoma huko ni wachache. Katika nchi nzima, hata mtoto mmoja kati ya kumi hafiki katika shule ya kulipia. Nyingi siku hizi zimechanganya wavulana na wasichana. Za wavulana watupu zinazidi kupungua, na yetu ni mojawapo ya zilizobaki. Iko kusini mwa nchi, ina viwanja vipana na kanisa dogo la mawe. Baadhi ya wavulana hulala bwenini, wengine huchukuliwa jioni baada ya prepu. Mimi ninafundisha hisabati, na alasiri za michezo ninakuwa kocha wa timu ya C ya raga ya walio chini ya miaka 11.

Historia fupi ya shule hizi inanivutia. Mwanzoni mwa karne ya 19 watoto wadogo na vijana wenye ndevu walikuwa wakisoma chini ya paa moja katika hizo shule kubwa, na wadogo walipata taabu. Thomas Arnold, aliyeanza kuiongoza shule ya Rugby mwaka 1828, hakutaka watoto wadogo shuleni mwake. Mwaka 1837 Windlesham House ikaanzishwa makusudi kwa ajili ya wavulana wadogo tu, na nyingine zikafuata. Mwaka 1892 wakuu wa shule za namna hiyo walikutana, na kilichowakutanisha kilikuwa vipimo vya kriketi ya watoto. Mkutano huo ndio uliozaa chama ambacho leo kinaitwa IAPS. Nalipenda sana jambo hilo. Watu wazima, wenye kanzu zao za kitaaluma, waliacha shughuli zao na kwenda kujadiliana mchezo wa mtoto upimwe vipi ili umfae mtoto. Sehemu kubwa ya uzuri wa shule hizi imo humo, na nitarudi kwa hilo.

Muhula ninaouzungumzia ni ule wa Septemba hadi Disemba, unaoitwa Michaelmas kwa jina la sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba. Ndio mrefu na mgumu kuliko yote. Huanza kukiwa bado na joto, wavulana wapya wakipotea katika korido, kaptura zimewazidi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na ghafla jioni inakuwa usiku. Kufikia Disemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo mechi huanza mapema na wanaorudi kutoka ugenini hushuka basini gizani, magoti yamejaa tope lililokauka. Katikati ya muhula kuna likizo ya wiki moja au mbili, na wikendi moja moja za kwenda nyumbani. Siku zilizobaki zimejazwa: masomo hata Jumamosi asubuhi, michezo karibu kila alasiri, mazoezi ya kwaya kabla ya kifungua kinywa, fani za ufundi, umeme, upishi, uogeleaji, hotuba. Mtoto asiyependa raga atacheza raga. Mtoto anayedai hawezi kuimba ataimba, kwa sababu mashindano ya kuimba baina ya mabweni yanamtaka kila mmoja jukwaani.

Wako wanaoona kulazimisha huko ni ukatili. Mimi naona ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ambazo shule hizi humpa mtoto, na haihitaji viwanja vipana wala kanisa la mawe. Mtoto wa miaka 9 hajui bado yeye ni nani. Ukimwachia achague tu, atachagua kile alichosifiwa jana, na kile alichoshindwa mara moja atakifungia mlango milele. Anayepewa nafasi kila wiki, apende asipende, hukuta mambo ambayo asingeyatafuta. Tatizo langu ni kwamba tunamlazimisha kila mtoto ashiriki, kisha muhula ukiisha tunaandika habari za wachache walioshinda.

Niwasimulie timu yangu.

Chama cha raga cha Uingereza, RFU, kina utaratibu mzuri wa kumwingiza mtoto mchezoni hatua kwa hatua. Wadogo huanza na raga ya kunyang'anya tepe zilizoning'inizwa kiunoni, bila kuangushana. Kukabana huanza walio chini ya miaka 9, timu ikiwa na wachezaji 7. Chini ya 10 ni 8, chini ya 11 ni 9, chini ya 12 ni 12, chini ya 13 ni 13, na 15 kamili huja wakiwa wameshaondoka kwetu. Tangu Julai 2023, katika raga ya kawaida ya Uingereza isiyo ya kulipwa, mtu haruhusiwi kukaba juu ya ncha ya chini ya mfupa wa kifua. Kwa sisi tunaofundisha watoto ilikuwa sheria ya maana sana. Tunafundisha chini, tunarudia chini, na refa anapuliza firimbi mkono ukipanda.

Timu ya C hukusanya wavulana wa kila namna. Yuko anayekimbia kwa kasi lakini hajui kwa nini. Yuko mwenye akili ya mchezo lakini miguu haimfuati. Mwaka huu alikuwepo mmoja ambaye nitamwita wa pembeni, kwa sababu hapo ndipo alipojiweka. Mvulana mwembamba wa Mwaka wa 6, yaani darasa la wenye miaka 10 au 11, mikono ameivuta ndani ya fulana mpaka vidole havionekani, kinga ya meno anaitafunatafuna kama jojo. Mpira ukielekea kwake alikuwa anasogea hatua mbili kando ya njia, kwa adabu kabisa, akimpisha mwenye nao. Hakuwa mvivu. Kila zoezi la kupasiana alilifanya vizuri. Alichoogopa ni ule mgongano, na woga huo ulikuwa na haki yake.

Kukaba hakufundishwi kwa kumfokea mtoto ajikaze. Kuna njia. Tulianza wote wawili tukiwa tumepiga magoti kwenye nyasi, mimi nimeshika ngao laini, yeye akijifunza kuweka kichwa upande wa nyuma wa paja la mwenzake na si mbele, shavu limegusa kaptura, mikono miwili imezunguka na kufunga. Kisha mwenzake akapiga magoti mahali pangu. Kisha mwenzake akasimama wima bila kutembea. Kisha akatembea. Kila hatua ilichukua siku zake, na kila aliporuka hatua woga ulirudi wote. Wakati huo timu ilikuwa inapoteza mechi, nyingine kwa tofauti ya kusikitisha. Kwa jarida, hakuna kilichokuwa kinatokea.

Mwishoni mwa Novemba tulicheza nyumbani, mvua ya rasharasha, uwanja umelainika. Mchezaji mkubwa wa wapinzani, mvulana aliyeshatufunga trai kadhaa (mabao ya raga), alichomoka pembeni na mbele yake hakukuwa na mtu isipokuwa yule wangu. Niliona mikono ikitoka kwenye fulana. Hakusogea kando. Aliinama, akaingia chini, shavu kwenye paja, mikono ikafunga, na wote wawili wakateleza nje ya mstari. Mpira ukatoka. Ilikuwa imefanywa kama ilivyochorwa kwenye kitabu cha makocha. Alipoinuka alijikagua kwanza kama bado ni mzima, halafu akaniangalia na kusema, "Mwalimu, haikuuma." Halafu akakimbia kurudi mahali pake, na mechi ile tukafungwa.

Baba yake alikuwa pembezoni, na gambuti zake na mwavuli. Baada ya filimbi ya mwisho aliniuliza matokeo, nikamwambia, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya upole. Nikamwomba asimame kidogo, nikamweleza nilichokiona, hatua kwa hatua, tangu Septemba ile ya kupiga magoti. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniambia kuwa mwanawe alikuwa akisema Jumanne usiku, kila wiki, kwamba tumbo linamuuma, na kwamba kwa wiki tatu hivi alikuwa ameacha kusema. Hakuna aliyekuwa amejua sababu.

Hayo ndiyo mafanikio ya muhula huu, ukiniuliza mimi. Na ukitafuta katika jarida la miaka iliyopita, timu ya C ya walio chini ya 11 haina hata mstari.

Sitaki nieleweke vibaya. Sitetei medali za kila mtu. Sifa za bure zinamdhuru mtoto, na mtoto wa miaka 10 huzijua haraka sana. Ukimwambia amecheza vizuri sana wakati amecheza ovyo, ataacha kuamini hata siku utakayosema kweli. Ninachotetea ni usahihi. Nahodha wa timu ya kwanza huandikiwa kwa usahihi: dakika, trai, pasi iliyozaa trai. Mtoto wa timu ya C huandikiwa kwamba amejitahidi na amefurahia. Neno "amejitahidi" limejaa katika ripoti zetu, na karibu kila linapotokea maana yake ni kwamba hakuna mtu mzima aliyekuwa akitazama.

Muziki ndiko nilikoliona hili kwa uwazi zaidi. Mitihani ya ABRSM, bodi iliyoanzishwa mwaka 1889, ina madaraja nane, na kila mtihani wa vitendo wa kawaida unatolewa alama 150: vipande vitatu vya muziki alama 30 kila kimoja, skeli 21, kusoma noti papo kwa papo 21, usikivu 18. Alama 100 ni kufaulu, 120 ni kufaulu vyema, 130 ni kufaulu kwa sifa ya juu. Jarida letu lina desturi ya kuandika waliopata 120 na kuendelea. Muhula huu mvulana mmoja wa Mwaka wa 5 alifanya daraja la kwanza la chelo, ile fidla kubwa, akapata 103. Kwa desturi yetu, hayupo.

Mwalimu wake wa chelo aliniita nisikilize somo mojawapo mwezi wa Oktoba, kwa sababu mtoto huyo ninamfundisha hisabati na alitaka tushauriane. Alikuwa na shida ya kufuata mistari kwa macho. Noti zilikuwa zinahama ukurasani. Mwalimu alimnakilia muziki kwa noti kubwa kwenye karatasi ya rangi ya krimu, mstari mmoja kwa ukurasa, na alimfundisha vipande vyote vitatu kwa sikio kwanza, sentensi moja ya muziki baada ya nyingine, ndipo wakarudi kwenye karatasi. Kwenye kusoma noti papo kwa papo alipata alama chache, kama ilivyotarajiwa. Kwenye usikivu alipata karibu zote. Ukiziangalia alama zile kwa makini, utaona mtoto mwenye sikio zuri kupita wenzake wengi waliopata 120. Jumla peke yake haikuonyeshi hilo. Sisi walimu wa hisabati tunapaswa kuwa wa kwanza kulikumbuka: jumla huficha.

Na kuna mtihani mwingine unaoficha kwa njia yake. Kwa wavulana wetu wengi, safari ya kwenda shule kubwa huanza Mwaka wa 6 au wa 7 kwa jaribio la kompyuta linaloandaliwa na bodi ya ISEB: Kiingereza, hisabati, kufikiri kwa maneno na kufikiri kwa maumbo. Baadaye, Mwaka wa 8, wengi hufanya mtihani uitwao Common Entrance, ambao umekuwepo tangu 1904. Lile jaribio la kompyuta hujirekebisha kadiri mtoto anavyojibu. Ukipata swali, linalofuata ni gumu zaidi. Ukikosa, linakuwa jepesi kidogo. Huwezi kurudi nyuma kurekebisha. Ni mfumo wenye akili, na unapima vizuri. Lakini fikiria mtoto wa miaka 10 au 11 aliyezoea kupata 18 kati ya 20. Anakaa mbele ya skrini na maswali yanazidi kumpanda mpaka yanamshinda, na yanabaki hapohapo, kwenye ukingo wa uwezo wake, hadi mwisho. Wenye uwezo mkubwa kabisa hutoka wakiwa weupe usoni. Mmoja mwaka huu alinifuata darasani, akakaa kwenye dawati la mbele, akasema amefeli, na kwamba kaka yake alikuwa amefaulu. Nilichukua chaki nikamchorea jinsi mtihani ule unavyopanda ngazi, na kwa nini kukwama juu ni ishara njema. Tulitunga wenyewe mtihani mdogo wa namna hiyo, swali moja likizaa jingine, na akamjaribia mwenzake. Aliondoka akicheka.

Sasa naomba wote wafundishwe hivyo kabla ya Oktoba. Ni dakika ishirini za kipindi, na zinamwondolea mtoto huzuni ya bure ya wiki nzima. Kwa nini hatukuwa tukifanya hivyo siku zote, sijapata jibu linaloniridhisha.

Kuhusu kulala bwenini nitasema kwa ufupi, maana ni mjadala wake peke yake. Mimi singempeleka mwanangu wa miaka 8 kulala shuleni, na wakuu wangu wanaujua msimamo wangu. Lakini walioletwa wapo, na wanaowatunza wanastahili heshima. Jumapili asubuhi wavulana wa bweni bado huandika barua za karatasi kwa wazazi. Mgeni mmoja wa Mwaka wa 4 kwa wiki za mwanzo aliandika mstari mmoja tu, uleule, kwamba yuko salama na chakula ni kizuri. Matroni hakumsukuma. Alimwomba tu amchoree mama yake ramani ya bweni: kitanda chake kiko wapi, dirisha liko wapi, nani analala kushoto na nani kulia. Ramani ile ilijaa majina. Wiki iliyofuata ilikuwa na maelezo pembeni. Kufikia likizo ya katikati ya muhula alikuwa anaandika kurasa mbili na kulalamika kwamba muda umekwisha. Matroni huyo hana kikombe cha kukabidhiwa siku ya tuzo.

Mengine niliyoyapenda muhula huu nayataja haraka. Msimu wa conkers, zile mbegu nene za kahawia zinazodondoka kutoka kwenye miti mikubwa nyuma ya maabara. Wavulana huzitoboa, huzitia uzi na kugonganisha mpaka moja ipasuke, na kwa wiki mbili za Oktoba hakuna anayekumbuka kuuliza kuhusu michezo ya simu. Mchezo wa kuigiza wa wakubwa, ambamo mvulana mrefu kuliko wote alicheza malkia na hakuna aliyecheka, kwa sababu alikuwa malkia kweli. Na tarehe 11 Novemba, saa tano kamili asubuhi, dakika mbili za ukimya ambazo Uingereza ilizishika kwa mara ya kwanza 1919. Kanisani kwetu kuna ubao wa majina ya waliosoma hapa wakafa vitani. Mwalimu wa historia huwapa Mwaka wa 8 jina moja moja wakalichunguze, na mvulana anayesoma jina hilo mbele ya shule huwa anajua mtu huyo alikaa bweni gani.

Kisha ikaja kwaya, na hapo pana kisa ambacho nilitaka kiwe katika ukurasa wa kwanza.

Muhula wetu hufungwa kwa ibada ya nyimbo za Krismasi na masomo tisa, kwa mfano wa ile ya King's College, Cambridge, iliyoanza 1918 na ambayo siku hizi husikika redioni dunia nzima. Ubeti wa kwanza wa wimbo wa kufungulia huimbwa na mvulana mmoja peke yake, bila kinanda, kanisa likiwa kimya. Kule Cambridge desturi ni kwamba mwimbaji huoneshwa kidole dakika ya mwisho ili asipate muda wa kuogopa, na sisi tumeiga. Kwa miaka miwili kidole kiliangukia mvulana yuleyule. Sauti yake ya juu ilikuwa safi, isiyotetema, na yeye mwenyewe alikuwa akiishi kwa ajili ya kwaya. Mwaka huu akiwa Mwaka wa 8, mwezi wa Oktoba, sauti ilivunjika. Ilitokea mazoezini, mbele ya wote, noti ya juu ikaporomoka. Hakurudi siku iliyofuata, wala iliyofuata.

Mwalimu wa kwaya hakumwambia kwamba ni jambo la kawaida, ingawa ni la kawaida. Alimpa kazi. Wadogo wa Mwaka wa 4 walikuwa wanavuta pumzi kwa mabega, kila mstari wanaishiwa hewa katikati. Alimwomba awafundishe kupumua kwa tumbo, dakika kumi kabla ya kila zoezi, kwenye chumba cha nyuma. Nilipita pale siku moja nikawakuta wote wamelala chali sakafuni, kila mtoto ameweka kitabu cha tenzi tumboni, vitabu vinapanda na kushuka, na yeye katikati yao akihesabu kwa hiyo sauti yake mpya isiyotulia. Aliwajua mmoja mmoja. Alijua nani anajikaza shingo na nani anafumba macho.

Usiku wa ibada alisimama mstari wa nyuma, akishika mshumaa, akiimba noti chache za chini alizokuwa na uhakika nazo. Kidole kiliangukia mtoto mwingine, mdogo, ambaye mwezi wa Septemba asingemaliza ubeti ule kwa pumzi alizokuwa nazo. Akaumaliza. Jarida lina jina la mtoto huyo, kwa haki kabisa. La aliyemfundisha kupumua halikuwemo katika orodha niliyopewa.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa naibu wa mwalimu mkuu na rasimu yangu. Ni mzee ninayemheshimu, amefundisha miaka mingi, na alinisikiliza bila kunikatiza. Nilitaka mambo mawili. La kwanza, matokeo ya timu zote yachapishwe, A hadi D, kushinda na kushindwa, kila mechi. La pili, kila mwalimu alete sentensi moja ya kweli kuhusu mtoto mmoja asiye katika orodha ya vikombe: alifanya nini hasa, ambacho Septemba hakuweza. Nikakataza maneno mawili, amejitahidi na amefurahia.

Pingamizi zake zilikuwa za haki. Wazazi wengine hawapendi kuona watoto wao wamefungwa mabao mengi kwa maandishi. Kurasa zina gharama. Na kulikuwa na jingine ambalo hakulificha. Tangu tarehe 1 Januari 2025 karo za shule za kulipia zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, wazazi wanapiga hesabu upya, shule zinashindania wanafunzi, na jarida limekuwa tangazo. Mzazi anayeangalia shule tatu mezani kwake, alisema, anahesabu ufadhili wa Eton na Winchester. Hahesabu vitabu vya tenzi tumboni.

Nilimjibu kwamba mzazi huyo ana mtoto mmoja, na uwezekano mkubwa ni kwamba mtoto huyo atakuwa timu ya B au C, atapata 110 kwenye fidla, na hataoneshwa kidole Disemba. Wengi ndivyo walivyo. Atataka kujua kama kuna mtu atakayemtazama mwanawe kwa makini hayo yakitokea. Shule inayoweza kuonyesha hivyo kwa maandishi, kwa jina la kitendo na tarehe, ina kitu cha kumwambia mzazi ambacho orodha ya ufadhili haiwezi kusema. Wale wakuu wa 1892 walikutana kwa ajili ya kriketi ya watoto wote, na tukipima mchezo kwa kimo cha mtoto tunaweza kupima na mafanikio yake hivyo hivyo.

Alikubali nusu. Matokeo ya timu zote yamechapishwa, na timu yangu ya C imo, na ushindi wake mchache na vipigo vyake vyote. Sentensi za walimu zimepewa ukurasa mmoja, bila majina ya watoto, kwa hofu ya wazazi kulinganisha. Mvulana wa kwaya ameandikwa kama "mwanafunzi wa Mwaka wa 8 aliyewafundisha wadogo kupumua". Chelo imeandikwa pamoja na alama zake za usikivu. Ule mkabo wa Novemba nimeuandika mwenyewe, kwa maelezo yote ya kichwa na paja, na naibu akaufupisha.

Kwa muhula wa Januari, wa hoki na mbio za nyika, nimeomba majina yaruhusiwe mzazi akikubali, na walimu waanze kuniletea sentensi zao tangu wiki ya pili badala ya kungoja mwisho, ambapo kila mtu hukumbuka vikombe tu. Mwalimu wa uogeleaji ameshaniandikia ya kwake: mvulana wa Mwaka wa 3 aliyefungua macho chini ya maji, upande wa kina kifupi, tarehe na saa.